Deni la Lugha kwa Mtoto wa Mgodini

Mzazi aliyehama anadaiwa kumrithisha mtoto wake lugha ya kwao, au yuko huru kuiacha ife naye? Swali hili ni la maadili kabla ya kuwa la elimu, na katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita ni la kila siku. Segese, kata ya Halmashauri ya Msalala, ni nchi ya Wasukuma, lakini dhahabu imewavuta Waha, Wahaya, Wakurya, Wajita na wengine wengi. Rashi, yaani habari za dhahabu mpya, ikitangazwa kwingine, familia hufunga virago. Lugha inayohama nao bila taabu ni Kiswahili, ambacho tangu 1967 ndicho lugha ya kufundishia shule za msingi.

Hali ya kawaida mwaloni, pale dhahabu inapooshwa, ni hii. Mama aliyetoka Kasulu anaosha kifusi huku akimwita mwanawe kwa Kiha. Mtoto anajibu kwa Kiswahili, kisha anawageukia wenzake kwa Kisukuma alichookota michezoni. Simu ya bibi ikipigwa kutoka kijijini, anasikiliza na kuelewa karibu yote, anasema “shikamoo bibi”, halafu anamrudishia mama simu. Kusikia kumebaki, kusema kumeondoka.

Hofu kwamba lugha mbili humchanganya mtoto haina msingi. Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa Montreal mwaka 1962 wakakuta wenye lugha mbili hawakuwa nyuma. Katika vipimo vingi waliwapita wenzao. Kwa hiyo mzazi hawezi kujitetea kwamba ameinyima nyumba lugha yake kwa faida ya mtoto.

Je, deni lenyewe linatoka wapi? Wapo wanaosema lugha ni hazina, na kuipoteza ni hasara ya binadamu wote. Ni kweli, lakini hoja hiyo humtwika mtoto mzigo usio wake: Kiha kina wasemaji wengi Kigoma, hakitakufa kwa sababu ya mtoto mmoja wa Segese. Mwanafalsafa Will Kymlicka, katika kitabu chake cha 1995, alitofautisha jamii zilizokutwa katika nchi yao na wahamiaji. Aliyehama kwa hiari, alisema, ameachia baadhi ya madai ya kitamaduni. Hoja hiyo inamgusa baba aliyefuata duara, yaani shimo la dhahabu. Haimgusi mtoto, kwa maana hakuulizwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, Ibara ya 30, unakataza mtoto wa jamii ya wachache kunyimwa haki ya kutumia lugha yake pamoja na wenzake, lakini haki ya kutumia haina maana kwa asiyepewa cha kutumia.

Msingi ulio imara zaidi ni watu, walio hai na waliotangulia. Bibi asiyejua Kiswahili vizuri ana haki ya kuzungumza na mjukuu wake bila mkalimani, na mjukuu ana haki ya kusikia kwake yale asiyoweza kuyasikia kwingine. Katika tambiko wahenga huitwa kwa lugha waliyoijua, na asiyeijua husimama kama mgeni katika ukoo wake. Dini zilizokuja baadaye hazikulipuuza jambo hili. Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, inahesabu tofauti za lugha miongoni mwa ishara za Mungu; katika Matendo ya Mitume, siku ya Pentekoste kila mgeni alisikia kwa lugha ya kwao. Na si lugha tu: kule Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement aliingiza ngoma za Wasukuma katika ibada, akaamini kwamba imani haimtaki mtu aache mila za kwao kwanza.

Hata hivyo hakuna anayedaiwa asichoweza. Baba Mha na mama Msukuma wanaokutana kwa Kiswahili hawana kosa kukifanya lugha ya nyumbani, na mama anayerudi usiku kutoka karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, hana saa ya masomo. Deni lake ni dogo na linalipika: kumsemesha mtoto kwa lugha yake wakati wa kupika na kuoga, bila kukoma hata akijibiwa kwa nyingine. Mtoto mwenyewe hadaiwi chochote. Anapokwenda kijijini akajaribu sentensi yake ya kwanza, watu wazima wakamcheka matamshi, hao ndio wanaoimaliza lugha. Mtoto aliyechekwa mbele ya binamu zake hajaribu tena.