Umri wa Habari

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuuvamia mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara. Siku zilizofuata magazeti yalichapa picha za nyumba zilizozama topeni na idadi ya waliokufa, ambayo iliendelea kupanda hadi ikapita 80. Swali langu ni hili: siku lilipoingia gazetini, jambo lile lilikuwa na umri gani?

Ukiitazama tarehe tu, utajibu siku moja. Wataalamu wa miamba walijibu vingine. Sehemu ya mlima ilikuwa na mwamba dhaifu. Ulinyonya maji ya mvua hadi ukazidiwa, ukameguka. Uvumi kwamba volkano imeamka ulikanushwa, na ni kweli haikuamka. Hata hivyo Hanang ni volkano, iliyozimika zamani sana, na mawe yake yamekuwa yakioza taratibu kwa muda ambao akili ya binadamu haiwezi kuushika. Mvua nayo ilikuwa na ukoo wake. Mwaka ule kila mtu alisema ni Elinino, tukaridhika. Elinino ilikuwapo, lakini haikuwa peke yake: maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalikuwa na joto kuliko kawaida, huku ya upande wa Sumatra yakipoa. Hali hiyo, ambayo huzidisha mvua za vuli kwetu, wanasayansi waliipa jina na maelezo mwaka 1999 tu, ingawa haikuanza mwaka huo. Mwaka 1961 ilitokea bila Elinino ya kutajika, na katika miaka michache Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita 2. Tanganyika ilipata uhuru Desemba ya mwaka huohuo. Vitabu vya shule viliichukua bendera, mvua wakaachiwa wataalamu wa maji.

Kwa hiyo jambo tunaloliita la ghafla mara nyingi ni la kale, ila sisi ndio tumefika juzi. Na hapa pana siasa, si elimu tu. Lililozuka ghafla halina mwenyewe. Hakuna wa kuulizwa. Lenye umri lina watu waliolijua mapema. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetangaza tangu Agosti 2023 kwamba mvua za vuli zitazidi wastani katika maeneo mengi. Najua kutabiri mvua si kutabiri kumeguka kwa mlima. Lakini pia si sawa na kutojua.

Watawala wa Kijerumani waliujua vizuri utamu wa dai hili la ghafla. Julai 1905, huko Nandete, Umatumbi, watu waling'oa pamba shambani, na vita vya Maji Maji vikaanza. Serikali ilipenda kuamini kwamba ni kazi ya waganga na dawa yao ya maji. Kodi iliyowekwa mwaka 1898, viboko, kulimishwa pamba kwa nguvu: hayo yote yalikuwa utaratibu wa kazi, hayakuwa habari. Mwaka 1968 wasomi na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee waliokumbuka, na vita vile vikarudishiwa miaka yake.

Ningeweza kuishia hapo nikamsifu msomaji anayejua chanzo cha kila kitu. Simwamini sana. Mtu aliyekwisha kuelezwa sababu huweza kuwa mkavu wa kutisha: anasoma idadi ya waliofukiwa, anatikisa kichwa, anakuambia habari za joto la bahari. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, sababu za vita alizijua. Hata hivyo hakutupandisha mahali pa juu ambapo mwisho umekwisha kuonekana. Alimweka jukwaani Kinjeketile mwenyewe, mganga ambaye neno alilolitoa limemponyoka na linatembea peke yake, na mwishoni anatakiwa atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anafikiria watakachoambiwa watoto ambao hawajazaliwa. Hakuna mwanahistoria anayeweza kumwamulia hapo.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ambayo fasihi haiwezi kuwaachia wengine. Sayansi na historia huirefushia habari umri wake, nayo fasihi huukatalia urefu huo usimmeze aliyekuwapo. Mama wa Katesh aliyeamshwa na mngurumo hakuamshwa na karne za kuoza kwa mwamba. Kwake ilikuwa ghafla kweli, na atakayemsahihisha kwa vielelezo vya hali ya hewa atakuwa amesema kweli isiyofaa kitu.

Basi ewe msomaji, kesho ukifungua gazeti ukakuta maafa, usiridhike na tarehe. Uliza jambo lilianza lini na nani alilijua. Na kama majina ya waliokufa yamechapwa, yasome yote kabla hujafungua ukurasa wa michezo.