Ajuaye Sehemu, Je, Ajua Kitu Kizima?

Wako waulizao kama mtu atendaye neno kwa nia njema, kisha neno lile likazaa madhara asiyoyawaza, ana hatia au hana. Wengi hujibu upesi ya kwamba hana, maana hakujua. Sisi twaona jibu hilo halitoshi. Twapenda kulipima swali hili kwa habari moja ya nchi zetu wenyewe, nayo ni habari ya sangara katika Ziwa Viktoria.

Ziwa hilo lapata kilometa za mraba 68,800, nalo limegawanyika kati ya Tanzania, Uganda na Kenya. Zamani samaki wengi wa humo walikuwa furu, samaki wadogo wenye miiba, ambao namna zao ni mamia. Kila namna ilikuwa na chakula chake: hawa walikula mwani, hawa konokono, hawa wadudu, na wengine uchafu ulioshuka topeni. Watu wa pwani za ziwa waliwala na kuwaanika juani. Lakini wakubwa wa uvuvi wa siku zile waliwaona kuwa samaki wasio na bei, wakawaza hivi: Tukimtia samaki mkubwa awale hawa wadogo, nyama isiyofaa itageuka kuwa nyama ifaayo. Basi katika miaka ya 1950, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara akatiwa ziwani. Samaki huyu aweza kufikia uzito wa kilo 200.

Wala tusiwacheke watu wale. Walimjua sangara, maana alikuwako tangu zamani katika Ziwa Albert. Walimjua furu, na soko walilijua. Kila kitu peke yake walikijua vema. Wasichokijua ni yale yapitayo katikati ya kitu na kitu.

Kwa miaka kama ishirini mambo yalikuwa kimya. Halafu katika miaka ya 1980 sangara aliongezeka ghafula, na furu, ambao kwanza walikuwa karibu sehemu nne katika tano za uzito wa samaki wote, wakapungua hata sehemu nyingi hawakuonekana tena. Wataalamu hukadiria kwamba namna 200 hivi zilipotea. Huku nyuma mwani ulizidi, kwa kuwa waliokuwa wakiula wamekwisha, na tena kwa kuwa mvua ilichukua udongo na mbolea za mashamba ikazitia majini. Maji yakawa mazito, na hewa ikapungua vilindini. Ndipo likaonekana jambo la kushangaza. Furu jike humchagua dume kwa rangi zake. Maji yakiwa machafu rangi hazionekani, naye huolewa na dume wa namna nyingine, hata namna mbili zikachanganyika kuwa moja. Jambo hili lilielezwa na Ole Seehausen na wenzake mwaka 1997. Nani angaliwaza ya kuwa jembe la mlimani laweza kuvuruga ndoa ya samaki?

Tena sangara ana mafuta mengi, hakauki juani kama furu. Hana budi kukaushwa kwa moto, na moto wataka kuni. Basi miti ya nchi kavu nayo ikakatwa kwa sababu ya samaki.

Hata hivyo tuseme kweli yote. Mavuno ya ziwa yaliongezeka mara kadhaa. Viwanda vilijengwa Mwanza, Musoma, Kisumu na kwingineko, minofu ikapelekwa Ulaya, na watu wengi walipata mabati ya nyumba na ada za shule kwa sangara. Na yuko mtaalamu mmoja, Geoffrey Fryer, aliyeandika mwaka 1960 kuonya kwamba samaki huyu asitiwe. Alisema kwamba mlaji mkubwa hula wadogo wengi ili aongeze uzito kidogo tu, hivyo mavuno hayatazidi. Kwa habari ya furu aliona sawasawa. Kwa habari ya mavuno mambo yalikwenda kinyume. Basi hata mwenye kuonya hakukiona kitu kizima.

Sisi tuliozoea kusikia habari za mwili mmoja wenye viungo vingi tusione ajabu. Lakini hatia iko wapi? Twaona haiko katika kutojua, maana hakuna awezaye kungoja hata ajue yote, na wenye njaa hawangoji kabisa. Hatia iko katika kulifanya, pasipo kujua, neno lisiloweza kurudishwa, hali mwenye kuonya amekwisha kusema. Wavu ukiharibu, huvutwa ukaanikwa. Sangara hakuna awezaye kumtoa tena. Gugumaji lilipoenea ziwani tangu mwisho wa miaka ya 1980, waliletwa wadudu wenye asili ya Amerika ya Kusini ili walile. Wadudu hao nao hawarudishwi; lakini kwanza walijaribiwa kama watagusa mimea mingine, ndipo wakaachiliwa. Tofauti hii si ndogo machoni petu.

Siku hizi sangara mwenyewe hulindwa kwa sheria asivuliwe akiwa mdogo, maana vijiji vingi humtegemea; na mahali palipovuliwa sana, furu wa namna kadhaa wameanza kuonekana tena. Sasa watu wanafuga sato katika vizimba vya nyavu ziwani, na vizimba vinaongezeka katika nchi zote tatu. Kazi hii ina faida, wala hatuikatazi. Ila chakula wanachomwagiwa sato hakiliwi chote. Kilichobaki huzama chini, penye upungufu wa hewa tangu zamani. Wale wenye kutoa ruhusa ya vizimba, na wazee wa mialo wanaoyajua maji hayo kwa harufu yake, wangekaa pamoja juu ya neno hili kabla kizimba kingine hakijashushwa.