Dhamana ya Fundi na Siku ya 91

Katika mambo yazushayo ugomvi baina ya watu waungwana siku hizi, mojawapo ni gari linalovuja oili. Jambo lenyewe ni dogo kulitazama: matone meusi chini ya gari wakati wa asubuhi. Lakini katika matone hayo mna fedha za mtu na jina la mtu, na pengine mna riziki ya nyumba nzima. Nasi twapenda wasomaji wetu walitazame kwa insafu, kwani swali lililomo ndani yake haliwahusu mafundi peke yao. Swali ni hili: mtu aliyetoa dhamana ya muda maalumu, muda ule ukipita, je, dhima yake nayo imepita?

Na tutoe mfano wetu katika mji wa Nairobi, upande wa mashariki, ambako wengi katika jamaa zetu wa mwambao wamekwenda kutafuta maisha, tangu ilipoanzishwa Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 hata leo katika mitaa ya Buruburu, Umoja, Donholm na Kayole. Huko gari si pambo. Mwenye nalo hulifanya teksi, au hulichukulia bidhaa kutoka soko la Gikomba. Na magari yenyewe kwa wingi si mapya. Hutoka Japani yamekwisha kutumika, yakashushwa hapa kwetu bandarini Mombasa, na kanuni ya Kenya huyakubali madhali hayajapita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Dhamana ya kiwanda mara nyingi huwa imekwisha kabla gari halijafika katika bahari yetu. Kwa hivyo dhamana aliyobaki nayo mnunuzi ni kauli ya aliyemuuzia, na baadaye ni kauli ya fundi.

Ama oili huvuja kwa sababu zijulikanazo. Baina ya vipande vya injini hutiwa gasketi, na penye mhimili unaozunguka hutiwa sili ya mpira. Joto la miaka mingi huukausha mpira ule ukawa mgumu, kisha ukapasuka. Pengine mwenye gari hakubadilisha oili kwa wakati wake, ikageuka tope ndani ya injini. Na pengine fundi alikaza nati ya sampu kwa nguvu hata akaharibu meno yake, au alirudisha gasketi kuukuu akaipaka gundi ili ishike kwa siku chache. Sababu ya kwanza ni umri, ya pili ni mwenye gari, ya tatu ni fundi. Matone ni ya rangi moja, lakini dhima si ya mtu mmoja.

Wengi hawajui kwamba sheria ya Kenya imelisemea jambo hili waziwazi. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 yamhesabu kila atengenezaye gari kuwa amedhamini vipande vipya alivyotia, pamoja na kazi ya kuvitia, kwa uchache wa siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Dhamana hii ipo hata kama fundi hakuitamka kwa ulimi wake. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na kazi yenye ubora wa kadiri, na haki ya kulipwa khasara itokanayo na kasoro. Basi fundi wa Kariobangi afanyaye kazi juani na mwenye gereji kubwa ya vioo, wote wawili wajue kwamba wakipokea ujira wamekwisha kudhamini.

Hapa ndipo swali letu lipatapo makali. Tuseme mwenye teksi wa Umoja ametengenezewa injini. Fundi amemwambia kwamba ametia sili mpya na fedha ya sili mpya ameipokea, hali ya kuwa ameiosha ile ya zamani akairudisha. Gari likakaa kavu siku 90, na siku ya 91 likaanza kuvuja. Mwenye gari akarudi gereji. Fundi akahesabu siku, akamjibu: "Muda wako umekwisha, bwana." Je, amesema kweli?

Twaona kwamba huenda jibu hilo likamfaa mbele ya hakimu, ikiwa hapana ushahidi wa alilolitenda. Lakini mbele ya nafsi yake halimfai kitu. Yatupasa tujiulize siku 90 ziliwekwa kwa ajili gani. Hakimu hakuwapo gereji, wala hawezi kuiona sili ilipokuwa ikitiwa. Kila siku ipitayo, kazi ya mkono wa fundi yachanganyika na kazi ya dereva, na joto, na mashimo ya barabara, hata isiweze kupambanuliwa. Kwa hivyo hapana budi pawekwe mpaka ambao baada yake watu wasishitakiane kwa dhana. Mpaka huo umewekwa kwa ajili ya asiyejua. Fundi yule ajua. Naye ajuaye hana ruhusa ya kujificha nyuma ya mpaka aliowekewa asiyejua.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi walilipambanua jambo hili zamani, katika mlango wa khiari ya kurudisha kitu chenye ila. Wao walitazama mambo mawili: ila ilikuwapo tangu lini, na mnunuzi aliigundua lini. Ikiwa ilikuwapo kabla hajakipokea kitu, ana haki ya kukirudisha hata kama aliigundua baada ya muda. Lakini walimwekea sharti: aionapo afanye haraka kukirudisha, asikawie pasina udhuru. Akiiona kisha akaendelea kukitumia, haki yake ya kurudisha huanguka. Na muuzaji asemaye, "Nauza kama kilivyo, sina dhamana ya ila yoyote," kauli yenye nguvu kwao ni kwamba maneno hayo humwokoa katika mnyama tu, kwa ila ya ndani ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Basi yatazame, ewe msomaji, magari yauzwayo leo kwa maneno hayo hayo, na injini imeoshwa jana ili matone yasionekane.

Ama insafu haina upande mmoja. Tumgeukie na mwenye gari. Tuseme ameyaona matone siku ya 40. Badala ya kurudi kwa fundi, aliendelea kupakia abiria, oili ikapungua kila siku, na siku ya 80 injini ikakwama. Sasa yuaja na risiti mkononi, adai injini nzima, kwa kuwa siku 90 hazijatimia. Huyu kwa tarehe yumo ndani ya dhamana. Lakini sili ndiyo iliyo juu ya fundi. Injini ameiua yeye kwa tamaa ya nauli za siku 40. Akimtwika fundi khasara yote, amekula mali ya mtu kwa kuitegemea tarehe, kama yule fundi wa kwanza alivyokula mali ya mtu kwa kuitegemea tarehe.

Huenda mtu akasema: fundi ni maskini, akidaiwa daima atakula nini? Twamjibu kwamba hatusemi adaiwe daima. Lililokuja kwa uchakavu baada ya muda wa dhamana si lake, wala mtu asimsumbue. Alilolificha hali ya kulijua ni deni juu yake, hata miaka ikipita. Na deni hilo hakuwekewa na mteja. Amejiwekea mwenyewe siku aliyopokea fedha ya sili mpya.

Kwa hivyo twawanasihi ndugu zetu. Mwenye gari aombe apewe vipande vilivyotolewa, na risiti iandikwe tarehe pamoja na kilomita zilizosomwa siku ile. Kabla ya kununua gari, aweke katoni safi chini ya injini usiku kucha, na alitazame asubuhi. Akiona tone baada ya matengenezo, asimamishe gari na amjulishe fundi siku hiyo hiyo. Na fundi aseme kabla ya kupokea ujira: "Hii nimetia mpya, hii nimeirudisha kuukuu kwa kuwa mpya sikuipata." Mteja akiridhika, wote wawili wamesalimika; asiporidhika, atatafuta sili kwingine na hapana aliyedhulumiwa.

Muda wa dhamana hukata madai ya watu. Deni lililofichwa haulikati, na mwenye kulificha alijua hivyo tangu siku ya kwanza. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.