Ufundi u Katika Mkono au u Katika Mashine?

Katika baraza yetu ya masomo palizuka hivi karibuni suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, lakini ukilichungua waona kuwa ni suala la haki. Mtu mmoja alinunua sanduku lenye nakshi za maua. Muuzaji alimwambia kuwa ni kazi ya mkono, naye akatoa thamani ya kazi ya mkono. Alipolifikisha nyumbani akaona kuwa maua yote yamelingana sawasawa, hata kosa dogo lililomo katika ua la kwanza limo pia katika ua la mwisho. Ndipo alipotambua kuwa nakshi ile ilikatwa na mashine. Wenzetu wengine wakasema, "Mashine si fundi, kitokacho humo si ufundi." Wengine wakajibu, "Sanduku ni zuri na madhubuti. Yamhusu nini mnunuzi namna lilivyokatwa?" Sisi twaona kuwa kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Kwanza yatupasa kuijua mashine yenyewe, kwani kuhukumu jambo kabla ya kulijua ni dhuluma. Asili yake ni Marekani. John Parsons, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza mapanga ya helikopta, alitafuta njia ya kukata maumbo yaliyopinda kwa kufuata hesabu badala ya jicho. Mwaka 1952 chuo cha MIT huko Massachusetts kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyopokea amri zake kwa ukanda wa karatasi uliotobolewa matundu. Leo kompyuta imeshika mahali pa ukanda ule. Mtu huchora meza katika kompyuta, na programu huugeuza mchoro kuwa amri: nenda kulia kadha, nenda mbele kadha, shuka kadha. Kisu chenye kuzunguka kwa kasi kubwa hufuata amri hizo juu ya ubao, wala hakichoki wala hakiulizi.

Na katika huko kutouliza ndimo lilimo jambo letu. Kijana mmoja katika jamaa zetu alipoanza kujifunza mashine hii alidhani kuwa amepata njia ya kuiruka miaka ya uanagenzi. Alichora meza ya plaiwudi ya milimita 18, akaamrisha matundu ya milimita 18, na mashine ikatii. Lakini ubao uliouzwa kwa jina la 18 ulikuwa 17 na nusu, na meza ikacheza kama jino bovu. Mara ya pili aliupima ubao kwanza, lakini sasa ndimi za mbao zikakataa kuingia katika matundu yake. Sababu ni kuwa kisu ni cha mviringo: kisu chenye upana wa milimita 6 hakiwezi kukata pembe kali ya ndani, bali huacha tao la milimita 3 katika kila pembe, na ulimi wa mbao una pembe kali. Akaenda kwa seremala mzee. Mzee alitazama mara moja, akachukua patasi, akazinyoosha pembe zote, kisha akasema, "Mwanangu, mashine yako yakata vizuri, lakini haijui ni nini kitakachoingia." Akamwonyesha pia kuwa miguu aliyoikata katika mkangazi imeukingama uzi wa mbao, na mguu wa namna hiyo huvunjika kwa kishindo kidogo.

Basi ufundi si mkono peke yake. Randa, msumeno na keke navyo ni vyombo, na hapana aliyemnyima seremala jina la fundi kwa kuvitumia. Wala ufundi si chombo peke yake. Ufundi ni kukijua kitu na kukubali kuulizwa juu yake. Meza ikianguka na kumuumiza mtoto, hapana atakayeishitaki mashine, ataulizwa aliyeiamrisha. Kwa hiyo yule achoraye na kuamrisha, akiwa aijua mbao, ni fundi kamili. Akiwa haijui, mashine itamkatia makosa yake kwa unadhifu mkubwa.

Hapa ndipo tunaporudi kwa yule muuzaji wa sanduku. Mchonga nakshi wa Lamu akikutana na fundo katika mbao, hulizungusha ua lake. Kila penye kipingamizi huamua upya. Uangalifu huo ndio anaoulipia mnunuzi wa kazi ya mkono. Amwambiaye kuwa ni kazi ya mkono na hali ni ya mashine amemuuzia kitu asichokuwa nacho, na hiyo ni ghushi, ambayo Mtume wetu, Rehema na Amani zimshukie, aliikemea alipoutia mkono katika chakula cha mfanyabiashara akakuta unyevu umefichwa chini. Na mwenye kusema, "Sikuulizwa, nami sikusema," hana udhuru ikiwa ameona wazi kuwa bei inasimama juu ya dhana ya mnunuzi. Lakini akisema, "Hii ni kazi ya mashine, na bei yake ni hii," hana lawama hata kidogo. Bali amemfaa maskini ambaye hangepata kununua meza imara.

Nasaha yetu kwa vijana ni kuwa wasiione haya mashine, wala wasiionee haya patasi. Miezi michache kando ya seremala mzee itawapa yale ambayo kompyuta haina ya kuwapa. Na wenye karakana za mashine wawaite wazee hao na kuwalipa kwa ujuzi wao, si kwa sadaka. Mzee akifa na elimu ya mbao kifuani, mashine itaendelea kukata kama kawaida, na sisi hatutajua ni kipi tulichokipoteza mpaka kiti kitakapovunjika.