NOTI MKONONI MWA KIPOFU

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Kipofu akilipwa sokoni, anajuaje alichopewa? Wewe unatazama namba na rangi. Yeye ana vidole tu. Ukimpa dola moja ukasema ni dola ishirini, ataiweka mfukoni na kukushukuru.

Dola tunazozitumia hapa Kongo pamoja na franga zetu zina urefu mmoja na upana mmoja, kuanzia ya moja hadi ya mia. Euro si hivyo: tangu noti zake zilipoanza kutumika mwaka 2002, noti yenye thamani zaidi ni ndefu kuliko ile iliyo chini yake. Wala kipofu wetu hawezi kukata pembe ya dola iwe alama yake, maana sote tunajua kwamba dola yenye mpasuko mdogo inakataliwa na kambisti.

Huko Marekani kwenyewe, mwaka 2002 chama cha vipofu kiliishtaki Wizara ya Fedha. Serikali ilijibu kwamba vipofu wanajiweza: wanakunja noti, wanatumia mashine, wanaomba msaada kwa watu. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ilikataa jibu hilo. Majaji walisema ni kama kumwambia kilema kwamba jumba la serikali liko wazi kwake, kwa sababu anaweza kutambaa au kubebwa na wapita njia. Mwaka 2011 Wizara ilikubali kwamba noti mpya ziwekewe alama za kugusa, lakini dola tulizozoea kuzishika hazina alama hiyo.

Mtu atauliza: je, kumtegemea mwenzako ni aibu? Hapana. Abdullah bin Umm Maktum (r.a.), sahaba aliyekuwa kipofu, alikuwa mwadhini wa Mtume (s.a.w.), na hakuadhini alfajiri mpaka aambiwe kwamba kumekucha. Aliwategemea watu wenye macho, na Waislamu wa Madina walifunga kwa sauti yake. Hapo hakuna unyonge.

Lakini tutazame tofauti. Alfajiri ni ishara ya Mwenyezi Mungu, hakuna mkono wa mtu uwezao kuibadilisha. Noti imechorwa na mtu na kuchapwa na mtu. Aliyeichapa angeweza kuichapa namna nyingine. Basi pale ambapo kizuizi ni kazi ya mikono yetu, kumwambia kipofu "omba msaada" ni kumpa sadaka mahali pa haki yake.

Wanazuoni wetu walilijua jambo hili. Katika madhehebu ya Shafii, kipofu huweka wakili wa kumnunulia kitu kinachohitaji kuonwa. Wahanafi walisema kugusa kwake kunasimama mahali pa kuona, kwa kitu kinachojulikana kwa kugusa. Wote walitaka kitu kimoja: asiuziwe gizani.

Ndugu Mwislamu, wewe huchapi makuta. Lakini Surat al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo, na makuta ni kipimo. Mbele ya kipofu, mizani yote iko mikononi mwako, na hakuna anayekuona isipokuwa Mola wako. Kwa hiyo:

– Unapomlipa kipofu, mpe noti moja moja na uitaje kila moja kwa sauti, wengine wasikie.
– Ukimrudishia chenji, usingoje akuulize.
– Akikuomba umpangie noti zake, zipange kama anavyotaka yeye, si kama unavyotaka wewe.
– Mwenye nafasi ya kusema mbele ya wakubwa wa benki na serikali, aseme: noti zetu zitambulike kwa vidole, na zilizochakaa zibadilishwe, maana alama ya kugusa inafutika noti ikichakaa.

Uaminifu wako ni wajibu. Lakini usitosheke nao. Mwaminifu wa kweli anapenda ndugu yake aweze kuhakikisha mwenyewe, hata pale ambapo hakudanganywa.

Mwenyezi Mungu atujalie haki katika kutoa na katika kupokea. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Tafadhali usiitupe mahali pachafu. Ukimaliza, mpe mwenzako, na umsomee asiyeona.)