Mwanga Unapimwa kwa Nani?

Watu husema kamera haidanganyi. Mimi ninayeishika kila wikendi kwenye fukwe na bustani za Dar es Salaam nasema: sawa, haidanganyi, lakini inakadiria. Na hapo kwenye kukadiria ndipo maadili yanapoingia.

Kipima mwanga cha kamera kimetengenezwa kuamini kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, kitatoa rangi ya kijivu cha wastani. Msimamishe mtu mweusi ufukweni saa saba mchana, bahari inang'aa nyuma yake, jua liko utosini. Kamera inaona ule mng'ao, inapunguza mwanga, na uso unabaki kivuli chenye macho na meno. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mwenye picha atajiona hivyo, kisha atakuambia: "Kaka, niweke weupe kidogo basi."

Jambo hili lina historia. Kwa miongo kadhaa maabara zilisawazisha rangi za picha kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, zikiitwa "Shirley". Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika mwaka 2009 kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu ziboreshwe ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kuwa rangi za kahawia hazitoki sawasawa. Yaani kabati lilitetewa kabla ya bibi yangu.

Ndiyo maana kwangu maandalizi si ufundi mtupu. Kumwambia mteja aje saa kumi na moja jioni badala ya saa saba; kumgeuza taratibu hadi mwanga umguse shavuni; kumpa msaidizi kitambaa cheupe arudishe mwanga usoni; kupima kwenye ngozi, si kwenye anga, hata kama anga litabaki jeupe tupu. Yote hayo yanajibu swali moja: hapa anayehesabiwa ni nani?

Wapo wanaosema kumpangia mtu mwanga ni uongo uleule wa kumng'arisha kwa programu. Sikubali. Mwanga mzuri unaonyesha kilichopo. Programu ile inaweka kisichokuwepo.

Sasa tuje kwenye gumu lenyewe. Mtu amepigwa vizuri, amejiona alivyo, na bado anaomba weupe. Huyo nimfanyeje? Uso ni wake, hela ni yake. Nikimkatalia, nimejifanya mwalimu nisiyeitwa. Nikimkubalia kimyakimya, nimekuwa kadi nyingine ya Shirley.

Msimamo wangu ni huu: namkalisha kivulini, namwonyesha kwanza picha iliyotoka vizuri, namwacha aitazame bila kumharakisha. Asipobadili nia, namfanyia anavyotaka. Ila ile ya kwanza siifuti. Nampa zote mbili. Ipo siku mwanawe atataka kujua mama alikuwa na sura gani, na jibu litakuwepo.