Wenyeji wa Sikari na Deni Lao



Katika kikao kimoja cha halmashauri ya mtaa, ambacho sitakitaja kilikuwa wapi, liliulizwa swali hili: je, mwanamke aweza kuwa na karama ya uinjilisti? Mzee mmoja alijibu kwa Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, mwingine akajibu kwa Mariamu Magdalene, na baada ya saa nzima tukafunga kwa sala tukiwa pale pale tulipoanzia. Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri kwamba swali lenyewe tulilikosea. Kwamba wanawake wanayo karama hiyo, Maandiko hayatuachii nafasi ya kubishana. Swali linalotupasa, nalo ni la uadilifu kuliko la theolojia, ni hili: mtu aliyepokea Habari Njema anadaiwa nini na yule aliyemletea?

Tufungue Injili ya Yohana, sura ya 4. Wengi wetu tukiisoma habari ya mwanamke Msamaria tunakumbuka mtungi alioutua. Mimi, kwa kuwa nimekaa miaka mingi karibu na soko la mpakani hapa Tunduma, nakumbuka zaidi habari ya chakula. Wanafunzi wa Yesu walikwenda mjini kununua chakula. Waliingia katika mji ule ule wa Sikari, bila shaka wakapatana bei na wenyeji kama sisi sote tufanyavyo sokoni, kisha wakarudi na chakula chao. Hatusomi kwamba mtu hata mmoja alifuatana nao kuja kumwona Bwana. Baada yao aliingia mwanamke mmoja, mikono mitupu, akatoka na watu wa mji.

Tena tazameni alivyofanya. Hakuhubiri kama tuhubirivyo sisi. Alieleza lililompata yeye mwenyewe, hata lile la aibu, akawaalika watu waje waone, kisha akawaachia swali walipime wenyewe: je, huyu aweza kuwa ndiye Kristo? Nilipokuwa mkufunzi nilisahihisha maandalio ya masomo ya wanachuo wengi, na jambo nililowakumbusha kila mwaka ni kwamba mwalimu aanze na jambo ambalo mwanafunzi analijua, na swali zuri lisijibiwe na yule aliyeliuliza. Mwanamke huyu hakupita chuo chochote, lakini somo lake lilikuwa na hayo yote mawili.

Sasa tufike kwenye aya ya 42, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Watu wa Sikari wanamwambia kwamba sasa hawaamini tena kwa sababu ya maneno yake, maana wamesikia wenyewe. Zamani nilikuwa nikiisoma aya hii kwa furaha, na furaha hiyo ninayo bado, maana kila mwalimu wa kweli hutamani siku ambayo mwanafunzi wake hatamhitaji tena. Lakini uzeeni nimeanza kusikia sauti nyingine ndani yake. Mtu anaweza kumwambia mwalimu wake maneno hayo kwa shukrani, na anaweza kumwambia maneno hayo hayo ili kumwondoa mlangoni. Yohana hasemi waliyasema kwa sauti gani. Tunajua tu kwamba baada ya aya hiyo yule mwanamke hatajwi tena. Makanisa ya Mashariki yamempa jina la Fotini; lakini jina ambalo jirani zake walimwita kwalo kisimani hakuna aliyeliandika.

Msinidhanie kwamba nawalaumu Wasamaria peke yao. Padre aliyenibatiza namjua kwa jina, na baba yangu wa ubatizo pia, na cheti ninacho. Lakini aliyenishika mkono mara ya kwanza, akatukusanya watoto chini ya mwembe na kutufundisha Sala ya Bwana kabla hatujajua kusoma, alikuwa bibi mmoja jirani yetu. Sisi tulimwita Bibi tu. Sikuwahi kumwuliza jina lake, na leo hakuna wa kumwuliza.

Kosa hili ni la kale katika Kanisa letu. Misheni ya Vyuo Vikuu ilipata shamba la Mbweni, Unguja, mwaka 1871, na tangu mwaka 1877 Bibi Caroline Thackeray alifundisha pale wasichana, wengi wao wakiwa wamekombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Baadhi yao walisomea ualimu, na wengi waliolewa na walimu na kufuatana nao bara. Tukifundisha historia twamtaja Padre Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni hiyo, mwaka 1890, naye alifanya kazi miaka mingi kwa Wayao huko Chitangali. Yafaa tumtaje. Lakini mkewe, Lucy, alikuwa binti wa Mbweni. Ni wangapi katika mitaa yetu waliopata kusikia jina lake? Nikisoma habari za wasichana wale namkumbuka kijakazi wa mke wa Naamani, katika 2 Wafalme 5. Alikuwa mtoto mdogo aliyetekwa vitani, hana kitu wala hana kauli nyumbani mwa watu, naye kwa sentensi moja akamwelekeza jemadari wa Shamu kwa Mungu wa Israeli. Naamani alipopona alimrudia Elisha na zawadi nyingi. Ya kijakazi hatusomi.

Wapo ndugu, hasa sisi wa huku mpakani, watakaonijibu kwa jina moja tu: Lenshina. Jibu hilo si la kudharau. Ng'ambo ya Nakonde, ukishika barabara kuu ya kwenda Lusaka, utafika nchi ya Chinsali, na huko mwaka 1953 Alice Lenshina Mulenga, mwanamke wa kijijini, alikwenda misheni ya Lubwa na kueleza maono yake. Alibatizwa huko, watu wakamfuata kwa maelfu, kisha wakajitenga na kuwa kanisa la Lumpa. Na mwaka 1964 yakatokea mapigano na serikali ambayo mamia ya watu walikufa. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1978. Ndipo ndugu zetu husema: mnaona mwanamke akiachiwa neno? Mimi naona kwanza kwamba wanaume walioanzisha makanisa yao na kuleta balaa ni wengi, wala hatujasema kwa sababu hiyo wanaume wote wanyamaze. Lakini naona na jambo jingine, nalo silisemi kwa uhakika, nalisema kwa hofu: karama inapokuja mlangoni, na sisi hatuna kiti cha kuipa, haifi. Huondoka ikatafute mahali pake, bila wa kuifundisha wala wa kuikemea. Prisila na Akila walipomsikia Apolo akinena kwa bidii lakini kwa upungufu, hawakumfukuza. Walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Na aliyekuwa akimsahihisha mhubiri huyo hodari, kama tujuavyo, mmoja wao alikuwa mwanamke.

Kuhusu Paulo nitasema kidogo, maana amesemewa mengi. Yeye aliyewaandikia Wakorintho kwamba wanawake wanyamaze katika kanisa, katika waraka huo huo, sura ya 11, anaagiza namna ambavyo mwanamke anayesali au kutoa unabii afunike kichwa. Hawezi mtu kumwagiza vazi la kunenea yule aliyemkataza kabisa kunena. Na katika Warumi 16 ndiye anayewataja kwa majina Fibi, Prisila, Mariamu, Yunia na wengineo. Habari ya upadre wa wanawake, ambayo dayosisi zetu hazikuichukulia kwa namna moja, siingii leo.

Huku kwetu akina Lidia ni wengi. Yule wa Thiatira aliuza nguo za zambarau huko Filipi. Hawa wanauza vitenge na mchele kati ya Tunduma na Nakonde, nao huweza kumsalimu mtu kwa Kinyamwanga upande huu na upande ule. Nimeona zaidi ya mara moja kikundi cha sala kikianza katika chumba cha mama mmoja wa namna hiyo, kikakua, kikajengewa kanisa la mabati; na siku Askofu alipokuja kutoa kipaimara, katika taarifa iliyosomwa wakatajwa mwenyekiti, mweka hazina na fundi. Mama yule alikuwa jikoni, akipika wali wa wageni.

Daftari letu la wakatekumeni lina nafasi ya jina, ya wazazi, ya wadhamini na ya padre. Nafasi ya aliyekuita haimo. Nimemwomba Padre kwamba wakatekumeni wa mwaka huu waulizwe swali hilo moja, na jina watakalotoa liandikwe. Amekubali liandikwe pembeni, kwa penseli kwanza.